Silinda Sita na Kuku wa Mama Mkwe

Mtanicheka, na mimi nimeshazoea, kwa hiyo chekeni mapema tuendelee. Kule Songo, mtaa niliokaa miaka mingi hapa Uvira, wapo watu ambao hata leo nikipita mbele ya nyumba zao hawanisalimii kwa jina, wanapiga kofi moja tu, pa, halafu wanageuza uso wanajifanya wanatazama ziwa, huku wakijua vizuri kwamba nimesikia na kwamba shingo yangu imeshapata moto. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe kwa mikono hii miwili na spana, mchana kweupe, na hakuna aliyenishikia fimbo.

Tuanze na gari. Nilikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja aliyekuwa ananunua pamba bonde la Ruzizi, na uhuru ulipokaribia akafunga mizigo, akavuka mpaka na mke wake kwa gari lao jipya, na lile la zamani akaniachia mimi pamoja na ufunguo na betri iliyokufa, akaniambia nilitunze mpaka atakaporudi. (Hakurudi. Niliendelea kulitunza kwa moyo wangu wote.) Lilikuwa gari jeusi la Kimarekani, zito, lenye pua ndefu, na ndani ya pua hiyo kulikuwa na injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, nzee lakini yenye adabu, inanguruma chini chini, haizimiki ovyo, ila haraka haina kabisa. Kilima kidogo tu inaomba gia ya pili. Watu wa baiskeli walikuwa wananisindikiza kando ya dirisha wakinipa habari za mjini, tena bila kuhema, na jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwenzangu katika uchungu huo alikuwa Deo, aliyekuwa na gereji mtaa wa Kimanga (gereji ni neno kubwa, ilikuwa shimo lenye bati juu yake). Kila tukikaa, mazungumzo yetu yalikuwa namna ya kuiongezea nguvu injini ile. Deo alisema injini ni pafu, ikipumua vizuri itakimbia, kwa hiyo tukatafuta kabureta ya pili, kile chombo kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye silinda, tukaing'oa kwenye lori lililokufia bandarini Kalundu. Tukafungua kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ambacho mafundi wetu wanakiita kulasi, tukakisugua juu ya kioo kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, ili nafasi ya ndani iwe ndogo na mlipuko uwe na nguvu zaidi. Kikabaki kitu cha mwisho: kufunga ile kabureta ya pili, na kulikata bomba la moshi ili lile kopo la kunyamazisha sauti liondoke, moshi utoke bila kizuizi.

Sasa mjue na wakati wenyewe. Uhuru tulikuwa tumeshauonja na hatukuwa bado tunajua ladha yake, waasi wanasemekana wako milimani juu yetu, askari wa serikali wamejaa kwenye vizuizi, na kila mtu Uvira analala na furushi mlangoni. Masikio yetu yalikuwa hayana raha. Upepo ukibamiza mlango, mtaa mzima unanyamaza kusikiliza kama kutakuwa na mlio wa pili. Kila nyumba ilikuwa na mpango wake, wa karibu na mlima watapanda makorongoni, wa karibu na ziwa wataingia mitumbwini wakae mbali na ufuko mpaka kutulie. Mpango wa nyumba yangu niliupanga mimi, na nawaomba muukumbuke, kwa sababu mimi niliusahau: ikisikika risasi, mke wangu Veronika ashuke ziwani na Mama Yoana, mkunga wetu, ambaye shemeji yake alikuwa na mtumbwi, na wasinisubiri. Niliwaapisha kabisa. "Hata kama minye siko," niliwaambia, maana kwetu minye ndiyo mimi, "musiningoje."

Veronika alikuwa na mimba, na ilikuwa imefika mwisho. Ile ya kwanza alijifungua peke yake, mimi niko safarini na pamba za Mbelgiji, na mtoto hakulia. Sikuwahi kumsikia akinilaumu. Alichosema ni kwamba safari hii hatazaa bila mama yake kumshika mgongo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuomba vitu, ombi hilo moja lilinikaa kifuani mchana na usiku. Mama yake alikuwa Sange, kule bondeni. Njia si ndefu, lakini mwaka ule hakuna njia iliyokuwa fupi.

Na huyo mama mkwe sitamtaja jina, hata leo, si kwamba nimelisahau. Kwetu mkwe hataji jina la mama wa mke wake, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakiwa na la kuambiana lazima awepo mtu wa katikati, apokee neno huku alipeleke kule. Tangu nioe nilikuwa nimemwona miguu tu.

Basi asubuhi moja Veronika aliamka ameshika kiuno, akaniambia, "Enda umulete mama leo. Enda sasa hivi."

"Nakwenda," nikasema, na kweli nilikwenda, ila nilikwenda Kimanga kwa Deo.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilipokuwa nazisema zilisikika kama akili. Niliogopa ile njia. Watu walikuwa wanasema gari lenye mbio halisimamishwi na mtu, linapita kabla hajaamua, na mimi na kigari changu cha kusindikizwa na baiskeli nilijiona nimekamatwa kabla hata sijatoka. Hiyo ndiyo sababu niliyoisema. Ile ambayo sikuisema ni kwamba nilitaka yule mama, ambaye ndugu zake walikuwa wamenung'unika sana binti yao kuolewa na mtu wa kushika vyuma, alisikie gari langu linakuja tangu mbali.

"Weye unaenda kuchukua mukwe ao unaenda kushindana?" Deo aliniuliza.

"Njia iko mubaya, Deo. Tufunge leo."

"Tufunge, lakini uijaribu kwanza hapa hapa. Karburateri mbili zinapashwa kupatana, kama hazipatane moja itakunywa esansi ya mwenzake."

Nikamwambia hakuna muda wa kujaribu. (Muda wa kufunga ulikuwepo. Wa kujaribu ndio uliokosekana.) Tulimaliza jua likiwa utosini, tukaunga bomba la moshi kwa waya, nikawasha, na injini ikatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nene, ya tumboni, watoto wa Kimanga wakaja mbio, nami nikatoka pale nimenyoosha mkono dirishani.

Kwenda kulikuwa utamu mtupu. Kizuizi cha Kavimvira, kule mpakani, askari walinijua, injini ikakohoa kidogo nilipopunguza mwendo, wakacheka, wakainua mti nikapita, na kutoka pale mpaka Sange sikuachia mguu. Wale wa baiskeli niliwaona kidogo sana. Niliimba. Mtu ambaye mke wake ameshika kiuno nyumbani alikuwa anaimba peke yake barabarani.

Nilipofika Sange, mbele ya ua wa wakwe, nikaachia pedali ili nisimame, na hapo ndipo gari liliposema neno lake la kwanza. Pa. Halafu tena, pa, kwa nyuma, na moto mfupi wa buluu ukatoka kwenye bomba. Mbuzi walikata kamba. Mjomba wa Veronika, ndugu wa mama mkwe, mtu mzima na kofia yake, ambaye ndiye aliyepangwa kutusindikiza na kuwa mtu wa katikati, nilimkuta nyuma ya ghala la mahindi amelala kifudifudi.

Nilielewa mara moja. Waya ulikuwa umelegea, hewa inaingia kwenye bomba, na zile kabureta mbili hazikupatana hata kidogo. Ukikanyaga mafuta inavuta vizuri, ukiachia tu, petroli ya ziada inaingia bomba ikiwa mbichi na kulipukia huko. Dawa yake ilikuwa rahisi, ningefungua boneti, ningeizima ile kabureta ya pili, ningefunga waya upya. Lakini ukoo mzima ulikuwa umeshatoka kutazama, na mimi, mkwe, nilikuwa na shati jeupe, na nikaona kulala chini ya gari mbele ya wakwe, nimepakaa masizi, ni kukubali kwamba walichosema juu yangu ni kweli. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba injini zenye nguvu zote ziko hivyo.

"Basi, minye sipande ndani ya bunduki," mjomba akasema, akajipangusa magoti, akaingia nyumbani.

Nilidhani safari imekufa. Lakini mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, nikaona ile miguu ninayoijua ikipanda, kisha pindo la kitenge, kisha mlango ukafungwa. Alikuwa anakwenda kwa binti yake, na hakuna mlio ambao ungemzuia. Kwenye mapaja alikuwa ameweka kuku, wa kumpikia mzazi mchuzi. Mimi, kwa heshima, nikafanya jambo ambalo mkwe yeyote wa kwetu angelifanya bila kufikiri: nikakigeuza kile kioo cha ndani, cha kutazamia nyuma, nikakielekeza juu kwenye paa, nisije nikakutana na macho yake. Kwa hiyo tulitoka Sange mimi sioni chochote kilichoko nyuma yangu.

Kila mahali penye shimo au ng'ombe ilibidi niachie mguu, na kila nikiachia, pa, pa. Baadaye nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ya adabu.

"Weye kuku," ikasema, "uambie ule muntu apunguze mbio."

Nilifikiri. Kulikuwa hakuna mwingine wa katikati garini. "Kuku," nikasema nikiwa nimekaza macho mbele, "umuambie mama kama nikipunguza njo inapiga."

Kuku alinyamaza. Tulipofika mashamba ya miwa ya Kiliba mama mkwe akaanza tena.

"Weye kuku, uambie ule muntu bantu banakimbia."

Nami niliona kidogo kwa pembeni, watu wanatupa majembe, wanavuka barabara kwa mbio, na (hapa naomba mnicheke polepole) nilifikiri wanakuja kulitazama gari. Niliwapungia mkono.

"Kuku, umuambie mama hii motokari inapendwa."

"Weye kuku," akasema baada ya muda mrefu, "ule muntu haone nyuma?"

Kuku hakujibu, na mimi sikuweza kumwambia mama mkwe kwamba kioo nimekigeuza kwa ajili yake. Kama ningekirudisha ningeona kile alichokuwa anakiona yeye, barabara nzima nyuma yetu imejaa watu na mafurushi vichwani wanakimbilia mtoni.

Ninachokiogopa mpaka leo katika ndoto ni Kavimvira. Mpakani pale saa hiyo kumejaa, wenye kubadili pesa na vibao vyao, akina mama na vikapu vya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mizigo inashuka, mizigo inapanda, na mbele ya yote ule mti wa kizuizi umelala barabarani. Mguu ukabaki juu ya pedali bila uamuzi, kwa sababu nilijua nikikanyaga nitauvunja mti wa serikali, na nikiachia nitapiga. Nikaachia taratibu sana, unyayo unapanda kidogo kidogo. Haikusaidia kitu. Ilipiga kuliko siku nzima, mfululizo, na moshi mweusi ukatufunika.

Moshi ulipotoka, soko lilikuwa halipo. Vikapu vilikuwepo, ndagala wamemwagika, viatu vya kushoto na vya kulia, watu hakuna. Askari walikuwa mtaroni, na mmoja wao, kwa woga, akafyatua bunduki yake juu hewani, hiyo sasa ya kweli, na wenzake waliposikia ya kweli nao wakafyatua. Risasi zile zilisikika mjini kote. Mimi nilikuwa nimeshatoka na mikono juu, nimesahau hata kuzima injini.

"Lala chini. Bote," askari mmoja akapiga kelele.

Tukalala mtaroni, mimi na mama mkwe, bega kwa bega, kwenye mtaro mmoja wenye maji ya samaki. Sijui niwaeleze vipi wasio wa kwetu. Bunduki zilikuwa juu ya kichwa changu na jambo nililokuwa namwomba Mungu ni kwamba kiwiko changu kisiguse kiwiko cha mama yule. Alijifunika kitenge kichwa kizima, mimi nikafumba macho, na kuku akawa katikati yetu, mahali pake.

Wale walionijua mchana walikuwa wamemaliza zamu, na sarja, mkuu wa askari wa kizuizi, mtu wa jimbo la mbali aliyeletwa majuzi, alisimama juu yetu. "Huyu mwanamuke ni nani?"

"Ni mama, sarja."

"Mama yako?"

"Hapana. Ni mama tu."

"Jina lake?"

Nikazidi kufumba macho.

"Nimekuuliza jina lake."

Jina lilikuwa mdomoni, nalijua kama ninavyojua langu, na ulimi ukakataa. Nilijaribu kweli. Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Sarja akasema kwa wenzake kwamba ona, anabeba mwanamke asiyemjua jina, kwa gari linalopiga risasi, huyu ni mtu wa waasi na yule ni mzigo wake, na nikasikia chuma kikirudishwa nyuma kwenye bunduki moja. Nilimfikiria Veronika ameshika kiuno.

Ndipo chini ya kitenge ikasikika ile sauti. "Weye kuku, uambie musoda minye ni mama wa bibi yake. Bibi yake iko nazaa. Na huyu hawezi kutaja jina langu, hata bamuue."

Halafu askari mmoja wa huku kwetu akaanza kucheka, akamweleza sarja mambo ya ukwe, sarja akauliza mara ya pili kama ni kweli, akatazama lile gari, akamtazama kuku, naye kicheko kikamshinda. Alinipiga teke la matako, si la chuki, akasema niondoe uchafu wangu pale. Tukaondoka, pa, pa, mti ukiinuliwa na askari aliyeziba masikio.

Nilipoingia mjini nilijipongeza. Barabara ilikuwa wazi, hakuna baiskeli, hakuna mbuzi, ningeweza kukimbia nilivyotaka. Ilinichukua muda kuuliza kwa nini. Niliona sufuria zinachemka nje bila mtu. Niliona cherehani barandani, kitambaa kimekwama chini ya sindano. Kule Songo mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi na furushi halipo.

Jirani yangu Baba Shukuru, ambaye ana mguu mbovu na alikuwa ameapa hatakimbia tena kwa ajili ya serikali yoyote, alikuwa amekaa mlangoni kwake.

"Bibi yangu?" nikamuuliza.

"Bamemubeba kwa ziwa. Alianza uchungu weye ukishaenda, na vile masasi imelia kule Kavimvira, Mama Yoana akasema si bwana yake alisema tusimungoje? Banaenda." Akanitazama. "Weye umepita wapi, na vita iko kule kule?"

Nikawa natazama bomba langu la moshi, ambalo bado lilikuwa linatoa moshi. Nilikuwa nimemfukuza mke wangu mwenye uchungu wa kuzaa, mimi mwenyewe, kwa kabureta iliyotoka Kalundu. Halafu nikapata wazo (mimi na mawazo yangu), nikaruka kwenye usukani ili nishuke ziwani kwa haraka.

Mlango wa nyuma ulifunguka. "Weye," ikasema ile sauti, na safari hii hapakuwa na kuku katika maneno hayo. "Zima."

Nikazima. Mlio wa gari ungetusogezea mitumbwi mbali zaidi, na yeye alikuwa ameliona hilo nami sikuliona. Tulishuka kwa miguu, yeye mbele, kitenge amekikaza, kuku kwapani, mama mtu mzima anakimbia na mimi nyuma siwezi kumfikia.

Ufukoni hapakuwa na mtu. Mitumbwi ilikuwa mbali majini, imejaa vichwa. Nikaingia maji ya magoti nikaita, Veronika, Veronika, hakuna vita, rudini, na kadiri nilivyoita ndivyo makasia yalivyozidi kwenda, kwa sababu nani atarudi kwa kuitwa na mwanaume anayepiga kelele ufukoni siku ya risasi? Nililia. Nasema wazi, nililia.

Mama mkwe aliweka kuku chini. Akasimama kwenye maji, akaweka kiganja mdomoni, akapiga vigelegele, zile impundu za bondeni ambazo hupigwa mtoto akizaliwa au bibi harusi akiingia, ndefu, akavuta pumzi akapiga tena. Hakuna anayepiga impundu kwenye vita. Makasia yakasimama. Vichwa vikageuka. Na kutoka mtumbwi mmoja, mwembamba kwa umbali, impundu zikajibiwa, na ilikuwa sauti ya Mama Yoana, na sote wawili pale ufukoni tukaelewa kwa pamoja kwamba mtoto ameshazaliwa.

Mama mkwe alikwenda majini mpaka kifuani bila kungoja mtumbwi ufike. Akanyoosha mikono, akapewa furushi dogo lenye kulia. Lilikuwa linalia sana, na sijasikia sauti tamu kama ile, hata ya injini. Veronika alikuwa amelala chini ya mtumbwi, mweupe midomo, mzima. Hakuwa ameshikwa mgongo na mama yake. Alishikwa na shemeji wa Mama Yoana, mvuvi, aliyekuwa amefumba macho muda wote.

"Nilikuambia uende asubuhi," aliniambia, basi.

Watu walirudi, mtumbwi baada ya mtumbwi, na wa mlimani wakashuka, wameloa, wamechanika, mmoja amepoteza godoro, mwingine ameacha dengu zimeungua, wote wakiuliza waasi wako wapi, wamepita wapi, wangapi wamekufa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nafasi. Kati yao hakuna aliyekuwa ameliona gari. Nikaanza kutikisa kichwa kama wao, nikasema, kweli jamani, vita ni kitu kibaya.

Mama mkwe aliinama akamwokota kuku. Alikuwa na mtoto mkono mmoja na kuku mkono wa pili, na akaongea kwa sauti ya kutosha ufuko mzima.

"Weye kuku, uambie hawa bantu barudi nyumbani. Hakuna vita. Ilikuwa motokari ya mukwe wangu."

Sitawaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba yule wa godoro alinidai kwa macho mpaka alipohama, na kwamba mtoto wetu tulimwita Furaha, lakini Uvira nzima walimwita Silinda. Kesho yake niliing'oa kabureta ya pili, nikalirudisha lile kopo la kunyamazisha sauti, nikatoa na magurudumu kabisa, nikaliacha gari juu ya matofali. Kuku aliliwa.

Na ningependa mkasa uishie hapo kwenye kucheka. Lakini siku si nyingi baadaye, mchana, risasi zililia upande wa mlimani. Za kweli. Nikatoka nje, nikaona mtaa mzima umekaa. Fundi cherehani anashona. Wamama wanapepeta mchele. Mmoja akanipigia kelele bila kuinua kichwa, "Baba Silinda, tengeneza ile kitu yako," na wenzake wakacheka, na juu yao risasi zinalia.

Sijawahi kuogopa vile. Nilikimbia mlango kwa mlango, nikawaonyesha gari juu ya matofali, nikawaambia siyo minye, leo siyo minye, na wao wanacheka zaidi. Mama mkwe alikuwa uani kwangu anamwogesha mtoto. Siku hizo alilala kwa Mama Yoana, na akiingia kwangu mimi hutoka. Nilisimama mlangoni nikisahau kuinamisha uso. Akanitazama. Kuku hakuwepo tena.

"Iko weye?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Leo siyo minye."

Alizidi kunitazama usoni, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua furushi, akamshika Veronika mkono, akatoka barabarani akasema kwa sauti ile ile ya ufukoni kwamba mukwe wake anasema kweli. Wale waliokuwa wanacheka wakainuka, wakabeba mafurushi yao.

Tangu hapo sijaongeza kitu kwenye injini yoyote, hata mafuta naweka kwa kipimo. Mtu akiniletea gari akaniambia analitaka liwe na mbio zaidi, namwuliza kwanza anakwenda kumchukua nani. Na nikisikia mlio popote, kabla sijakimbia, naweka mkono juu ya boneti ya gari langu nione kama ni baridi.